Nilichokiacha Ghorofani

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi na watoto, pamoja na Mama yetu, ambaye najua hata sasa ameketi karibu na redio akingoja taarifa ya habari kana kwamba watanitaja. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia umenyanyua friji ya mteja peke yako kwa kukosa subira ya kungoja mtu wa kushika upande wa pili, ukalala kifudifudi siku tatu. Kaka, friji ikingoja haiharibiki, mgongo ndio unaoharibika. Kwa upande wangu mimi ni mzima wa mwili. Nakula, natembea, homa imeniacha. Mengine utayakuta humu ndani.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nimechagua karatasi kwa sababu simu ina tabia ya kukatika panapofika pagumu, na mwezi huu nimegundua kwamba mkataji mara nyingi nilikuwa mimi. Jumapili ile uliponipigia ukauliza mbona sauti yangu iko mbali, nilikujibu kwamba mtandao ni mbovu. Mtandao ulikuwa mzuri. Nakuomba uisome ukiwa peke yako kwenye karakana, wateja wakishaondoka, na usiisome kwa sauti. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huu ndio mshindo wenyewe, ila itabidi univumilie nianzie mwanzo, maana nikianza na mwisho sitaweza kuandika mstari wa pili.

Naandika kwa vipande. Kila siku saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri kuna mahali ambapo ni lazima nifike, na nisipofika nitafuatwa. Nitakueleza ni wapi. Usiruke kurasa.

Unaikumbuka siku niliyoaga. Baba mdogo alisema msichana mwenye akili timamu hawezi kuacha kazi ili akazurure nchi nne akiwa na begi mgongoni kama kobe. Wewe ukamwambia kwamba mimi nimekaa miaka mitano kwenye duka la fotokopi nikitoa nakala za pasi za watu na viza za watu, nikizijua nchi kwa rangi ya mihuri yake tu, na kwamba safari hii mhuri uwe wangu. Ulinitetea mbele ya ukoo mzima, Kaka. Ndiyo maana barua hii ni yako wewe kwanza.

Mwezi wa kwanza ulikuwa raha tupu, wala sitaki yaliyofuata yaufute. Nchi ya kwanza ilinipokea kwa mvua ya kutwa kucha, nguo nilizofua zikanikaukia mwilini. Nililala vyumba vya vitanda vinane, vya juu na vya chini, pamoja na watu wanaokoroma kwa lugha zote. Nilijifunza kuvaa begi kifuani penye umati na mgongoni penye nafasi, kupanda basi la mchana tu, na kuuliza njia kwa wanawake waliobeba mizigo, kwa kuwa hao hawana muda wa kukudanganya. Nilibana matumizi mpaka matumizi yenyewe yakalalamika. Penye pikipiki nilikwenda kwa miguu, penye tiketi ya kiti nilisimama. Wifi alisema begi lile litanibeba mimi badala ya mimi kulibeba. Mwambie kwa wiki mbili za kwanza alisema kweli.

Nchi ya pili ndiyo iliyonitia woga. Nilipoteremka kituoni mwanamume mmoja alinishika bega akaniita kwa jina langu, nikageuka nikidhani ni mtu wa kwetu. Kumbe alikuwa amelisoma kwenye kikaratasi cha begi. Akasema anajua hoteli nzuri ya bei nafuu. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Akanifuata mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, hasemi kitu, akitembea tu nyuma yangu kwa mwendo wangu. Niliingia duka la dawa nikapanga foleni bila ugonjwa. Nilipofika mbele, dada wa dawa akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia kuna mtu nje. Hakuuliza la pili, akanipitisha stoo na kunitoa kwa mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo, Kaka, nikawa sili tena nje peke yangu. Nikipata chumba chenye mlango unaofunga, najifungia humo na chakula changu.

Nchi ya tatu nilifika homa ikinitetemesha. Basi lilinishusha katika mji mdogo wa kando ya mto, nikaingia gesti ya kwanza niliyoiona, yenye ghorofa moja, chini zege na juu mbao. Vyumba vya juu vilitengwa kwa mbao nyembamba kiasi kwamba ukikohoa namba tano, namba sita anakuambia pole. Nilipewa namba sita. Upande wa kulia wa chumba changu kulikuwa na stoo ya shuka, na mwisho wa ukumbi aliishi mpangaji wa kudumu, mzee mmoja mtengenezaji wa saa ambaye wote walimwita Fundi Saa. Alifanyia kazi dirishani, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni, akiokota skrubu ndogo kuliko mbegu ya mchicha kwa vidole vinene ambavyo usingevidhania.

Mhudumu wa gesti alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee. Wageni walimwita Mama Funguo kwa sababu funguo zote alizifunga kiunoni, ukimsikia kabla hujamwona. Aliponitazama mara moja tu pale mapokezi, hakuniandikisha. Alinipandisha juu akanilaza kwanza. Siku nne nilizougua aliniletea uji, akanilisha kwa kijiko huku akinisema: mtu mzima hali ndizi peke yake kama tumbili, mama yako akikuona atanishtaki mimi, fungua mdomo. Siku ya tano nilipoweza kukaa, alicheka akasema sasa naweza kujiandikisha, maana maiti huwa hawaandikwi kitabu cha wageni.

Nilikusudia kukaa siku mbili, nikakaa kumi na moja. Asubuhi nilimsaidia kukunja shuka. Alizipigia pasi ya mkaa ndani ya stoo, kwa kuwa umeme pale ulikuwa wa kubahatisha. Fundi Saa naye aliniambia saa yangu inakwenda mbele dakika nne. Nikamwomba airekebishe, akakataa, akasema msafiri saa yake ikiwa mbele hachelewi basi. Nilikuwa nimewapenda, Kaka. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye hutaniamini.

Moto ulitokea Jumanne, saa nne kasoro asubuhi. Wakati huo nilikuwa ng'ambo ya barabara, dukani, nimekwenda kununua chumvi. Pale dukani nilimkuta msafiri mwenzangu niliyempa jina la Ndevu, kijana mrefu anayesafiri peke yake kama mimi, ambaye tulikutana naye mara ya kwanza nchi ya kwanza. Alikuwa ametandaza ramani juu ya friji ya soda ya mwenye duka, akanionyesha barabara mpya ya milimani. Tukabishana kidogo kama basi linapita huko au halipiti. Harufu ilitangulia moshi. Mwenye duka ndiye aliyeinua kichwa, akauliza nani anachoma plastiki. Tulipotoka nje, dirisha la ghorofani lilikuwa linatoa moshi mweusi.

Mama Funguo alikuwa uani akianika. Alikimbilia ngazi akiwa na ndoo, watu wakamzuia. Vyumba vya mbele vilitoa wageni wawili, wazima. Kisha Fundi Saa akashuka. Alishuka polepole, mikono yake miwili ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba sinia, viganja juu, na ngozi ya viganja haikuwapo. Hakulia. Alikuwa akisema jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mtu:

"Mlango haufunguki. Binti yumo ndani."

Kitasa cha chumba namba sita kilikuwa cha chuma. Alikuwa amekishika akikivuta mpaka akashindwa, akidhani mimi nimelala humo. Akarudia tena yale maneno. Halafu akaniona. Nilikuwa nimesimama barabarani na pakiti ya chumvi mkononi. Alinitazama kwa muda, akaketi chini kwenye ngazi, basi.

Watu wa mtaa walipanga mstari wa ndoo kutoka mtoni, moto ukazimwa kabla ya saa sita. Chumba changu na stoo ya shuka viliteketea, na chumba kilichofuata kikabomoka. Hakuna aliyekufa. Mwenye gesti alifika akiwa na miwani yake myeusi, akatazama juu mara moja, akatamka kwamba ni pasi. Hakuna aliyebisha. Mama Funguo alisema asubuhi ile alipiga pasi shuka tatu, akamwaga mkaa, akaiweka pasi kwenye kigae chake. Mwenye gesti akamwuliza kama anaweza kuapa. Yule mama akatazama viganja vyake, akafikiri, nikamwona kwa macho yangu akianza kujitilia shaka. Akasema, "Labda sikumwaga. Labda nilisahau. Nimezeeka."

Askari waliandika majina. Zamu yangu ilipofika, askari akauliza nilikuwa wapi. Kabla sijafungua mdomo Ndevu akajibu kwa nia njema kabisa kwamba nilikuwa naye dukani, na mwenye duka akaunga mkono. Mimi niliitikia kwa kichwa. Mama Funguo alichukuliwa alasiri. Kabla ya kupanda gari alifungua zile funguo kiunoni, akatafuta wa kumpa, hakumpata, akaziweka juu ya ngazi. Nyingi zilikuwa za vyumba ambavyo havina tena milango.

Kesho yake niliondoka. Niliwaambia watu nimeshtuka mno, siwezi kukaa. Walinipa pole. Mwanamke mmoja wa mtaa hata alinipa kitenge kwa kuwa nguo zangu zimeungua. Begi lenyewe lilisalimika, nilikuwa nimeliacha mapokezi chini siku hiyo ili likaushwe. Mpakani ofisa mmoja alilifungua, akaingiza pua, akaniuliza mbona linanuka moshi. Nikamwambia tulikaa karibu na watu wanaochoma shamba. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama uso ulio kwenye pasi. Kisha akagonga mhuri. Ule mhuri nilioutamani miaka mitano, Kaka, niliposikia unagongwa nilidhani ni pingu.

Nchi ya nne ni ya milima na ukungu, mashamba ya chai mpaka macho yachoke. Ingekuwa ndiyo picha nzuri kuliko zote za kuwatumia. Sikupiga hata moja. Nilikodi kitanda, nikawa natembea kutwa nzima kwenye vijia vya mashamba ili nichoke, na nikirudi bado sijachoka. Mtu akigonga mlango wa jirani nilisimama wima. Akipita askari wa barabarani nilibadili upande. Wapishi wakiwasha jiko niliondoka mkahawani. Ndipo ukapiga simu Jumapili ile, nikasema mtandao mbovu.

Wiki ya tatu Ndevu akatokea. Alikuwa amebaki kule mjini kumsubiri rafiki, na alipofika milimani aliniona nje ya mkahawa, akafurahi, akaagiza chai kwa wawili. Nikamwuliza habari za kule kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Akasema Mama Funguo bado yuko mahabusu, kwani mwenye gesti anataka afungwe, na kesi haitakuwa ndefu kwa sababu yule mama ameshasaini maelezo kwamba alisahau pasi ikiwa na mkaa. Akasema Fundi Saa yuko hospitali, viganja vinaanza kupata ngozi, lakini vidole vya mkono wa kulia havikunji. Daktari amesema vitashika kikombe. Skrubu ya saa havitashika tena. Ndevu alisikitika kikwelikweli, halafu akanikumbusha kwamba sisi tulikuwa na bahati: kama tusingebishana kuhusu lile basi, ningekuwa chumbani.

Kaka, sasa nimefika pale ambapo simu ingekatika.

Katika yote niliyokueleza kuhusu kubana matumizi, kuna kitu nilikiruka. Katika nchi ya pili, baada ya yule mwanamume kunifuata, nilinunua kwa msafiri mmoja aliyekuwa akirudi kwao jiko lake dogo la kopo, la kuwashia spiriti, linaloingia mfukoni. Nilipika nalo vyumbani. Kila gesti ina karatasi ukutani inayokataza, na ile ya Mama Funguo aliiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, akaibandika nyuma ya mlango wangu. Nilipika chini ya karatasi ile siku sita. Nilifungua dirisha ili harufu itoke, nikaweka kopo juu ya kiti cha mbao, karibu na pazia kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Jumanne ile nilikuwa nakaanga mayai. Nikakuta chumvi imekwisha. Nikasema duka liko hapo tu. Nilifunga mlango kwa ufunguo, nikaacha moto unawaka, nikashuka.

Huo ndio ukweli. Pasi ya yule mama ilikuwa baridi juu ya kigae chake. Moto ulikuwa wangu.

Na hilo si baya zaidi. Asubuhi ya kesho yake, kabla sijaondoka, waliporuhusu wenye vitu wapande kuangalia kilichosalia, nilipanda. Nikafukua jivu la chumba changu kwa mguu, nikalipata lile kopo, jeusi, limebonyea. Nililitia ndani ya kitenge nilichopewa kwa huruma. Basi lilipokuwa linavuka daraja la mpakani, nilifungua dirisha nikalitupa mtoni. Kwa hiyo nilipomjibu yule ofisa, mikono yangu ilikuwa bado ina masizi ya kopo. Kuacha jiko linawaka ni uzembe, na mzembe anaweza kuombewa radhi. Kulitupa mtoni hakukuwa uzembe. Nilijua ninachofanya, nilijua ni nani atakayebaki nacho shingoni, na nililenga vizuri.

Nilimwambia Ndevu pale pale mezani, chai haijapoa. Nilidhani atanituliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umenifanya shahidi wa uongo." Akachukua kikombe chake akahamia meza nyingine. Sikumwona tena, wala simlaumu.

Nilirudi kwa mabasi mawili. Safari ile, Kaka, ndiyo ndefu kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Kila kituo kulikuwa na basi la kwenda kwingine limesimama kando, milango wazi, utingo akiniita dada, dada, nafasi moja. Mara moja nilishuka kabisa, nikaweka mguu kwenye ngazi ya basi la kuelekea baharini. Hakuna malaika aliyenizuia. Utingo alinihimiza, nikamfikiria Fundi Saa akishuka ngazi na ile mikono, nikarudi kwenye kiti changu. Mpakani yule yule ofisa alikuwa zamu. Akasema watu hutoka upande huu kwenda ule, hawarudi haraka hivi, nimesahau nini. Nikamwambia nimesahau kitu gesti.

Polisi mpelelezi hakuniamini. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, na alishalifunga jalada. Aliniuliza kama nimelipwa na ndugu wa Mama Funguo, au kama nina matatizo ya kichwa. Akasema kesi iliyosainiwa haifunguliwi kwa maneno. Akataka kielelezo. Nikamwambia kiko mtoni. Akaandika neno moja, "mtoni", akaweka kalamu chini, akaniangalia. Nilimwomba amwite mwenye duka. Mwenye duka alikuja na aproni yake, akafikiri, akakumbuka vyote kwa mpangilio: chupa ya spiriti wiki ile, mayai Jumatatu, chumvi Jumanne. Akaongeza kwamba alishangaa mgeni wa gesti ananunua mayai mabichi, lakini biashara haiulizi. Hapo mpelelezi akatoa karatasi mpya.

Nilikaa selo siku tatu. Wanawake wenzangu humo walinikaribisha vizuri, mmoja akaniuliza nimekosa nini, nilipomweleza akaniambia mimi ni mtu wa kwanza kumwona aliyepanda basi kuja selo. Tulicheka sote. Kisha nikalia, wakaniacha nilie.

Siku ya tatu walimleta Mama Funguo kutoka mahabusu ili asaini kutolewa. Tulikutana kwenye ukumbi wa kituo, yeye kwenye benchi na kifurushi chake magotini, mimi nimesimama na askari wa kike. Amekonda. Kiuno chake hakina kitu cha kulia anapotembea. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ndani ya yale mabasi mawili. Yote yalinitoka. Nilimwambia tu kwamba nilikuwa napika chumbani, nikaacha jiko linawaka, nikakimbia, na kwamba pasi yake haikuwa na kosa.

Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane. Akaniuliza, "Ulikuwa unapika nini?"

Nikamjibu kwamba ni mayai.

"Mayai," akasema. Akatikisa kichwa. "Ungeniambia tu, mwanangu. Ningekupikia."

Akasaini, akachukua kifurushi, akatoka nje. Hakugeuka nyuma. Nimesikia anaishi kwa mdogo wake, mtaa wa pili kutoka sokoni. Kazi hana tena. Sijakwenda, kwa sababu sijui nikifika nisimame mlangoni kama nani.

Sasa hali yangu ni hii. Nimetolewa kwa masharti. Pasi yangu ya kusafiria iko kwenye kabati la mpelelezi, na ninaripoti kituoni saa mbili na saa kumi, ndipo mahali pale nilipokutajia. Nalala chumba cha nyuma cha yule mwenye duka, aliyekubali kunidhamini ila ameniomba nisimshukuru, maana hakufanya kwa ajili yangu. Kesi inatajwa mwezi ujao. Mpelelezi anasema kwa kuwa nimejileta mwenyewe huenda ikawa faini na fidia, na kwa kuwa nilificha kielelezo huenda ikawa kifungo. Haahidi, nami simwombi aahidi.

Fundi Saa hana ndugu mjini hapa. Kila asubuhi nikitoka kituoni napita hospitali, muuguzi ananipa nguo zake kupitia dirishani, nazifua, nazirudisha. Yeye anajua ni nani anayezifua. Siku ya kwanza alimwambia muuguzi azirudishe hata chafu. Siku ya pili hakusema kitu. Mpaka leo hajasema kitu, na sijamwona uso. Sidai kuonwa.

Kaka, nakuomba mambo mawili. La kwanza, usije. Najua ukifika hapa utaanza kuzungumza na watu kwa ule ulimi wako uliomshinda Baba mdogo, utanitetea, na utaweza. Safari hii sitaki kutetewa. Ukitaka kunisaidia, niandikie. La pili, mwambie Mama. Si kwa simu, nenda nyumbani mchana, uzime redio, uketi naye. Usimwambie kwamba ilikuwa ajali tu, bahati mbaya, mambo ya safari. Mwambie nilikimbia. Hili lianze, alisikie lote, apate muda wa kukasirika. Kwamba nilirudi, mwambie mwisho, na usilitie chumvi.

Baba mdogo naye akiuliza, mwambie alikuwa na haki ya kuogopa, ila aliogopa kitu kingine. Alidhani dunia ndiyo itakayonidhuru mimi.

Nisalimie wifi sana, na watoto wote, mwambie yule mdogo kwamba shangazi bado anamkusanyia stempu, hii ya kwenye bahasha ni yake, aibandue taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Nisalimie majirani bila kuwaambia kitu. Utunze mgongo wako. Saa kumi inakaribia, inabidi niinuke.

Wako kwa damu na kwa aibu,
Mdogo wako wa kike.